Dhapu Bai Anasoma Viganja vya Wenye Kiu

Saa nane kasorobo mchana. Barabara ya soko la bizari mjini Phalodi imebakiwa na mbwa mmoja, naye amejitumbukiza mtaroni. Upepo wa lu unavuma kutoka upande wa mashamba ya chumvi, moto kama pumzi ya tanuri, na wenye maduka wameshusha mapazia ya magunia hadi chini.

Ndani ya kibanda chenye kuta za udongo na paa la mabua ya uwele, Dhapu Bai ameshika birika la shaba lenye mdomo mrefu. Nje ya kidirisha amechuchumaa mwanamume mwenye kilemba chekundu, viganja vyake amevikutanisha chini ya kidevu. Maji yanashuka kama uzi. Anakunywa, anakunywa, kisha anatikisa kichwa: inatosha.

"Bado," anasema Dhapu Bai, na uzi wa maji haukatiki.

"Mama, tumbo limejaa."

"Limejaa tumbo. Mikono inatetemeka bado. Unaitwa nani?"

"Chutraram."

"Leo siku gani?"

"Siku ya kunyanyaswa na mwenye maji."

Dhapu Bai anacheka mpaka birika linayumba. "Akili ipo. Lakini kaa hapo kivulini mpaka nikwambie uondoke. Na hicho kitunguu ulichoficha kwenye kilemba, ukile na mkate. Kichwani hakikusaidii kitu."

Chutraram anashika kilemba chake kama aliyefumaniwa. Kitunguu kweli kimo. Mama yake amemfundisha tangu utotoni kwamba kitunguu hukinga upepo wa moto, na hakuna aliyewahi kumwambia kinyume chake, mpaka leo.

Dhapu Bai ana miaka sitini na moja. Kazi yake ni kunywesha watu maji bure katika kibanda hiki, piyau kama wenyeji wanavyokiita, tangu joto linapoanza hadi mvua ya kwanza. Msimu huu ni wa ishirini na sita akiwa peke yake. Wakfu wa familia moja ya wafanyabiashara humlipa rupia elfu saba kwa mwezi, miezi minne ya mwaka. Miezi iliyobaki hupepeta bizari za watu na kumsikiliza mumewe, Kesaram, mchunga mbuzi ambaye kwa mujibu wa mkewe huzungumza mara mbili kwa juma.

Jina la Dhapu lina kisa chake. Alikuwa binti wa nne, na huko kwao wazazi waliochoka kupata mabinti humpa wa mwisho jina lenye maana ya "tumeshiba". "Baba alinitazama akasema basi, tosha," anasimulia. "Tangu hapo nimekaa nikiwauliza watu wengine kama wameshiba. Wote waongo."

Uongo huo ndio anaoupima. Kwa kuwa mnywaji hutumia viganja na si kikombe, mikono yake humfikia Dhapu Bai kabla ya uso. Kifundo cha mkono chenye unga mweupe wa chumvi ni cha mtu aliyetoka jasho jingi. Huyo haondoki bila maziwa ya mgando yaliyopunguzwa maji na kutiwa chumvi. Vidole vinavyojikunja vyenyewe kwa mkakamao vinataka kupumzika saa nzima. Anayelalamika kichwa au kichefuchefu, stahili yake ni mkeka, si barabara.

"Hao hawanitishi," anasema. "Anayetoka jasho na kulalamika, mwili wake bado unapigana. Ninayemuogopa ni yule ambaye maji yanamwagika mpaka kwenye viwiko na hana habari. Hasemi tosha, hasemi bado. Ngozi inaunguza, na ukimuuliza jambo anakujibu la jana. Huyo simnyweshi tena. Huyo namuogesha."

Maswali yake ya jina na siku, ambayo wapita njia hudhani ni umbea wa mama mtu mzima, ndiyo mtihani wenyewe. Wateja wa zamani huwauliza kijiji alichozaliwa mama yao. Mzee mmoja mchunga ngamia alijibu kwa kijiji kisicho chake, mwaka juzi, na akapelekwa zahanati juu ya mkokoteni akiwa amefunikwa gunia lililolowa.

Nesi Saroj, ambaye amefanya kazi katika zahanati hiyo miaka kumi na mitatu, anasema anawatambua wagonjwa wa Dhapu Bai kabla hawajashuka. "Wanachuruzika maji. Wengine wanaletwa wakavu, wamevishwa shuka eti wasipigwe na upepo, na jamaa wamemzunguka mgonjwa kama ukuta. Ninapoteza dakika kumi kufanya kilichotakiwa kufanyika barabarani. Mwili ulioungua ndani haungoji gari. Upoze hapo hapo alipoanguka, halafu ndiyo umlete."

Nesi anaongeza kwamba wazee, watoto wachanga, wajawazito na wanaotumia dawa za shinikizo la damu huelemewa upesi kuliko wengine, na kwamba kusubiri kiu ndiyo unywe ni kuchelewa. Dhapu Bai, aliyekuwa akisikiliza, anamkata: "Waandike na wanaume wanaojiona mashujaa. Hao ndio wengi."

Zamani, anasema, mji huu ulikuwa na akili kuliko watu wake wa leo.

Ilipofika saa sita soko lilikuwa linalala. Si kufunga maduka tu, kulala kabisa. Wafanyabiashara walishuka kwenye vyumba vyao vya chini ya ardhi, wachukuzi wakajinyoosha chini ya mikokoteni, na punda wakasimama kivulini bila kufungwa kamba, kwa sababu hakukuwa na punda mjinga wa kwenda popote. Asubuhi kila mtu alikuwa ameshakunywa bakuli la uji mwembamba wa uwele na mtindi, uliolala usiku kucha kwenye chungu. Saa kumi ndipo ulipoanza kusikia mlango mmoja, halafu wa pili.

"Ungeweza kusikia mitungi ikivuja jasho," anasema Dhapu Bai. "Tip. Tip. Na harufu ya mchanga uliolowa, Bhagwan, Mungu wangu! Mama mkwe wangu alikuwa ananyunyizia mkeka wa mizizi ya khas, nyasi yenye harufu nzuri, mlangoni, na mtu akipita anasema nimefika Kashmiri kwenye theluji. Hakuna aliyewahi kufika Kashmiri."

Siku hizi simu zinaita saa sita, saa saba, saa nane. Malori yanasubiri, injini zinanguruma. Mchana hauna tena mwenyewe.

Mama mkwe huyo, Sugni, ndiye aliyekuwa na birika hili la shaba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Enzi za ujana wake kibandani mlikuwa na bomba la mwanzi, la kuwamiminia wanaoitwa watu wa chini, ili hata maji yasiwaunganishe na wengine. Siku moja bomba halikuonekana. Karani wa wakfu alipouliza, Sugni alimwambia amelitia motoni na chai aliyokuwa akiinywa ndiyo imechemkia hapo. Karani akamaliza chai yake.

"Alinifundisha kila kitu," anasema Dhapu Bai. "Kufunga mitungi vitambaa, kuilaza kwenye kitanda cha mchanga, kumtazama mtu mikono. Isipokuwa kwamba yeye mwenyewe hakuna aliyekuwa anamtazama mikono."

Hapo anaweka birika chini.

Katikati ya mwezi wa Jeth, joto likiwa kileleni, huja mfungo wa Nirjala: tangu jua linapochomoza hadi kesho yake lichomoze tena, bila chakula, bila tone la maji. Anayefunga hupata thawabu mara mbili akiwanywesha wengine. Kwa hiyo siku hiyo barabara nzima hujaa watu wenye midomo mikavu wakigawa sharubati. Sugni alifunga kila mwaka, na kila mwaka alimimina kutwa.

Miaka ishirini na sita iliyopita, yapata saa nane mchana, uso wake ulikauka. Jasho lilikoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akainama kumgusa miguu kwa heshima. "Tazameni," akawaambia wenzake, "jua lote hili na hana hata jasho! Mungu mwenyewe anampepea."

Watu wakaanza kuja kutazama. Sugni akaanza kuimba, nyimbo za harusini za kuwatukana wakwe, siku takatifu kama ile. Watu wakacheka, wakasema amelewa furaha ya ibada. Kisha akawa anamimina maji mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Kunywa, mwanangu," alikuwa akisema. "Kunywa."

"Na mimi nilifurahi," anasema Dhapu Bai. "Nisikufiche. Nilijiona nimeolewa kwa mtakatifu."

Alipoanguka, ngozi yake ilikuwa kama chapati inayotoka kwenye bamba. Dhapu Bai alinyanyua mtungi ammwagie. Mikono mitatu minne ikamzuia. Usimharibie mfungo, walimwambia, umebaki usiku mmoja tu, usimnyang'anye thawabu yake mlangoni. Alikuwa mkwe, amejifunika uso, ana miaka thelathini na mitano. Akautua mtungi.

Sugni hakuliona jua likitua.

"Mitungi kumi na miwili," anasema, na kwa mara ya kwanza mchana huu hatanii. "Yote imejaa. Nilikaa katikati ya maji nikamtazama anaungua."

Aliyembeba mama hadi nyumbani ni mwanawe mdogo, Hukmaram, msukuma mkokoteni, ambaye wakati huo alikuwa na miaka thelathini na miwili. Hakumlaumu mtu. Ila tangu mwaka uliofuata, kila ikija Nirjala, Hukma hufunga kwa ajili ya mama yake, na husukuma mkokoteni kutwa, kwa sababu mama yake naye hakupumzika.

Kwa Dhapu Bai, Hukma ni shemeji wa kutaniana. Mbele ya kaka wakubwa wa mumewe hushusha mtandio mpaka kidevuni na hasemi neno. Mbele ya Hukma mtandio uko kichwani na ulimi uko nje. Wametukanana kwa mapenzi tangu siku ya harusi, miaka arobaini na mmoja sasa, Hukma alipovificha viatu vya bibi harusi akadai apewe mbuzi ndipo avirudishe. Mbuzi hajalipwa hadi leo na huulizwa kila juma.

Nirjala ya mwaka huu imeangukia siku ya nyuzi arobaini na saba. Asubuhi Hukma, sasa mtu wa miaka hamsini na minane, alisimamisha mkokoteni wa bizari mbele ya kidirisha.

"Shemeji, leo nakutia hasara. Sinywi."

"Maji ya bure, hasara gani? Sikiliza, Hukma. Kila safari upite hapa."

"Unaukosa uso wangu?"

"Nataka kuhakikisha kama umebaki."

Ndiyo yalikuwa makubaliano. Hakuweza kumnywesha, hakuweza kumlaza. Mtu anafunga kwa ajili ya mama yake, utamwambia nini? Alichoweza ni kumtaka apite, na kila akipita amtukane mara moja.

Safari ya kwanza Hukma alimwambia anafanana na mtungi wa tano. Ya pili, kwamba mtungi wa tano umekasirika. Ya tatu, yapata saa saba, alidai mbuzi wake, kwa sauti ya kukwaruza. Dhapu Bai alimwambia akalale kwenye mkokoteni. Akajibu kwamba lori linaondoka saa tisa, akibakiza gunia nani atalipakia?

Safari ya nne alikuja akiwa amenyooka kama mwanajeshi. Akasimama, akakutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa.

"Namaste, dada mheshimiwa," akasema. "Samahani, njia ya sokoni ni ipi?"

Wanywaji waliokuwa kivulini waliangua kicheko. Walijua utani wao, na huu ulikuwa mpya, mzuri kuliko wote. Mmoja akapiga makofi.

"Miaka arobaini na mmoja mwanamume huyu hajanisalimia kwa adabu," anasema Dhapu Bai. "Hata siku moja. Nikatazama ile mikono aliyoikutanisha. Mikavu kama ngozi ya ngoma."

Birika lilianguka. Alitoka mbio nje bila kuvaa viatu na kumshika kifuani, kisha akamvuta ndani na, kwa msaada wa waliokuwa wakicheka ambao sasa hawakucheka, akaisukuma mitungi kando. Hukma akalazwa mahali pa mitungi, juu ya mchanga uliolowa tangu mwezi wa tatu.

Mtungi wa kwanza ulimwagwa kifuani. Wa pili kichwani na shingoni. Kilemba chake kikafunguliwa, mita zote tisa, kikaloweshwa na kuviringishwa mapajani na makwapani. Watu wawili wakapepea kwa magunia. Muuza maji ya miwa wa ng'ambo ya barabara akaja na bonge la barafu ndani ya kanzu yake.

Mfanyabiashara mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni: "Dhapu Bai! Mtu amefunga! Unamharibia thawabu yake!"

Akasimama na mtungi wa tatu mikononi, uso wazi, mbele ya wanaume wa soko zima.

"Amefunga mdomo," akasema. "Ngozi haikuweka nadhiri."

Hakumtia tone mdomoni, na si kwa ajili ya mfungo: mtu aliyechanganyikiwa ukimnywesha, maji huenda yakashuka mapafuni. Alimwaga nje tu, mtungi baada ya mtungi, huku akimwita jina na kumtukana. Mpaka gari la magurudumu matatu lilipofika, mitungi kumi na mmoja ilikuwa tupu. Wa kumi na mbili aliupakia wakamwagie njiani.

"Alifika na nyuzi thelathini na tisa na nusu," anasema Nesi Saroj. "Kwa maelezo niliyopewa, na kwa hali ya akili yake, nadhani alipoanza kumwagiwa alikuwa amepita arobaini na moja. Angesubiri gari akiwa mkavu, nisingekuwa nakusimulia hivi huku natabasamu."

Kwenye saa kumi na mbili jioni Hukma alifumbua macho. Akamwona shemeji yake kwenye benchi, amelowa kutoka utosi hadi vidoleni.

"Shemeji," akasema taratibu, "umeniogesha mbele ya soko zima, na hata sabuni hukuleta?"

Dhapu Bai alitoka nje ya wodi. Nesi anasema alilia huko muda mrefu kidogo, akarudi na kumwambia mgonjwa kwamba sabuni isingetosha.

Bado wanabishana kama mfungo ulitimia. Hukma anadai ulitimia, kwani dripu ilipita mkononi, si mdomoni. Dhapu Bai anasema Mungu si karani wa kuangalia mlango uliotumika. Ila jambo moja wamekubaliana: mwakani Hukma atafunga akiwa amelala, chumbani, na mkokoteni utaegemezwa ukutani. "Mama hakupumzika kwa sababu hakuna aliyemwambia apumzike," amekiri. "Mimi nimeambiwa, tena kwa mitungi kumi na mmoja."

Na Dhapu Bai ana mpango. Anataka hodhi la saruji kando ya kibanda, lenye kivuli, lijazwe maji kila asubuhi ya joto, la kumlaza mtu mzima badala ya kubomoa kitanda cha mitungi. Pukhraj, karani wa sasa wa wakfu, amekubali kulijenga kabla ya joto la mwakani. Amependekeza futi nne.

"Futi nne ni za mbuzi," anasema Dhapu Bai. "Na mbuzi mwenyewe sijalipa."

Kwa hiyo alasiri hii, jua likianza kulegea, Pukhraj amekuja na daftari, na Hukma amelazwa chini kivulini apimwe. Dhapu Bai ananyoosha kamba kutoka kisiginoni.

"Unapima kuni za kunichomea nikifa?" anauliza Hukma kutoka chini.

"Wewe ulivyokonda, kuni za chai zinatosha. Tulia."

Hukma anatulia. Kamba inapita magotini, tumboni, kifuani. Macho ameyafumba. Mchanga umelowa, mitungi iko mahali pake, tip, tip.

"Hukma?"

Hafumbui macho.

"Hukma!"

Kamba inamponyoka. Hukma anafungua jicho moja, anakutanisha viganja kifuani.

"Namaste, dada mheshimiwa. Njia ya sokoni ni ipi?"

Birika zima linamwagika usoni mwake. Anaruka akikohoa na kucheka, na Dhapu Bai anamchapa bega kwa ncha ya mtandio, mara tatu, kisha mkono wake unabaki pale begani, kiganja wazi, kikisikiliza ngozi. Ni baridi. Ina jasho.

"Andika futi sita na nusu," anamwambia Pukhraj.

"Mbona hafiki sita?"

"Hiyo iliyobaki ni ya ulimi."